Kutoka Karakana ya Tudor: Tarikhi ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa

Dibaji

Mwezi wa Mei 1951, katika mtaa wa Tudor kisiwani Mombasa, lilipokewa kundi la kwanza la wanafunzi wa taasisi ambayo waasisi wake hawakuiita chuo kikuu wala hawakuidai hadhi hiyo, bali waliikusudia iwe mahali pa kuwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki kazi za mikono zenye elimu ndani yake. Na kwa hesabu hiyo Mei 2026 ni kutimia kwa miaka 75 ya taasisi ile ile, ambayo baada ya kubadilishwa jina mara nne huitwa leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM kwa ufupi wake.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba tarikhi hii imeandikwa Hola, mbali na Tudor, na mtu wa Mto Tana. Jibu lake si gumu. Mwambao uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ambaye alikuwa miongoni mwa waliotoa mali ya kuanzisha chuo hiki, ulianzia Vanga upande wa kusini ukaishia Kipini, penye kinywa cha Tana, kwa hiyo mpaka wa kaskazini wa jambo hili lote ni mto wetu. Na fauka ya hayo, katika jimbo zima la Pwani, tangu Taveta hadi Kiunga, hapakuwa na chuo kikuu cha umma chenye makao yake hapa hadi karne iliyopita ikaisha, na mzazi wa Galole, wa Bura au wa Garsen aliyekuwa na mtoto mwenye akili ya vyuma na mitambo hakuwa na mlango mwingine wa Pwani wa kubisha wenye daraja ya juu kuliko ule wa Tudor.

Haja iliyotangulia: kabla ya 1948

Asidhani mtu kwamba Waswahili na jirani zao walikuwa watu wasiojua ufundi mpaka walipojengewa chuo. Waundaji wa majahazi wa Lamu, wachongaji wa milango, waashi wa chokaa na mawe ya matumbawe, wahunzi na wafua fedha, wote hao walikuwa na sanaa iliyorithiwa nasaba kwa nasaba, na vyombo vyao vilifika Uarabuni na Bara Hindi bila ya kuchorwa katika karatasi hata mstari mmoja. Kilichopungua kilikuwa kitu kingine. Mkono ulikuwapo na jicho la kupima lilikuwapo, lakini dola mpya iliyokuja na reli, na bandari ya Kilindini, na umeme, na injini ya mafuta, ilidai fundi anayeweza kusoma mchoro, kupiga hesabu ya nguvu na mzigo, na kuonyesha hati ya mtihani. Na hati hiyo haikupatikana katika gati la Lamu wala chini ya mwembe wa seremala.

Shule zilizoweza kumfikisha kijana katika hati hiyo zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za misheni, na mzazi Mwislamu wa mwambao alizitazama kwa hadhari, akichelea kwamba mwanawe angeingia kutafuta elimu ya dunia akatoka amepoteza dini yake. Serikali ilikuwa imefungua Shule ya Wavulana wa Kiarabu Mombasa mwaka 1912, lakini shule moja haikuweza kukidhi haja ya mwambao mzima, na wala haikuwa shule ya ufundi. Matokeo yake yalionekana wazi wazi bandarini na katika karakana za reli, ambako kazi za ufundi wenye mshahara wa haja zilishikwa aghalabu na mafundi waliotoka Bara Hindi au waliosomea kwa wamisionari, ilhali mwenyeji wa mji akibakia kuchukua mizigo mabegani.

Hali hiyo haikuwapita wanazuoni wetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na ambaye tangu 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitumia kalamu yake katika karatasi zake mbili, *Sahifa* ya mwaka 1930 na *Al-Islah* ya mwaka 1932, kuwazindua Waislamu wa Pwani na kuwakumbusha kwamba elimu ya zama ni amana yao kama ilivyo ya wenzao, wala haipingani na dini mtu akijua anachokitafuta. Alifariki 1947, mwaka mmoja tu kabla ya kuasisiwa chuo hiki, na mwandishi huyu huona si haki kusimulia mwanzo wa Tudor kwa kuwataja wenye mali na wenye vyeo peke yao bila ya kumtaja aliyeitayarisha mioyo ya watu kukikubali.

Waasisi na mali yao, 1948–1951

Fikra ya kuanzisha taasisi yenyewe hunasibishwa na Sir Philip Mitchell, aliyekuwa Gavana wa Kenya tangu 1944 hadi 1952, na ambaye kabla ya hapo, alipokuwa Gavana wa Uganda, alikuwa ameshughulika sana na kukuza Makerere. Mtu huyo alikuwa mtawala wa kikoloni na siasa yake ilikuwa ya kikoloni, jambo ambalo hatuna haja ya kulifunika. Lakini aliona kwamba Waislamu wa Afrika ya Mashariki wamebaki nyuma katika elimu ya ufundi, na akaona pia kwamba mali ya kuwatoa huko inaweza kupatikana miongoni mwa Waislamu wenyewe wakiombwa kwa heshima.

Ndivyo ilivyokuwa. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, alitoa mchango wake. Aga Khan, Sir Sultan Mohamed Shah, Imamu wa Maismailia, akatoa wake. Jamaa ya Mabohora wakatoa wao. Na serikali ya Uingereza ikaongeza kutoka katika mfuko wake wa maendeleo ya makoloni. Tuzingatie majina hayo yalivyokaa pamoja: Sultani Mwibadhi, Imamu wa Maismailia, Mabohora, na wanafunzi ambao wengi wao wangekuwa Masuni wa madhehebu ya Shafii. Katika mji ambao kila jamaa ilikuwa na msikiti wake, makaburi yake na shule yake, kukutana kwa fedha hizo katika mfuko mmoja kulikuwa jambo adimu, na hatujui mfano mwingine wa kadiri hiyo katika mwambao wa wakati ule.

Hati ya msingi ilitolewa 1948, na taasisi ikaitwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, jina ambalo kwa herufi zake za Kiingereza lilifupishwa likawa MIOME, na kwa ufupisho huo wazee wa Mombasa wanaikumbuka hata leo. Majengo yalisimamishwa kwa mtindo wa Kiislamu, wenye matao na kuba, mbele ya maji ya Tudor, na mpita njia asiyejua angeweza kudhani kwamba ni kasri au msikiti mkubwa, kumbe nyuma ya matao hayo mna jiliwa, tupa, randa na mashine za kukerezea chuma. Kulikuwa na hekima katika kuyajenga hivyo, kwa sababu mzazi aliyechelea shule ya mzungu alipoliona jengo hilo aliingia bila ya kusita.

Miaka ya MIOME, 1951 hadi uhuru

Miaka ya kwanza haikuwa miepesi. Taasisi ilijengwa kwa ajili ya Afrika ya Mashariki nzima, tangu Kenya na Uganda hadi Tanganyika na Zanzibar, lakini hazina ya wanafunzi wenye msingi wa hesabu na Kiingereza wa kuwawezesha kusoma ufundi wa mitambo na wa umeme ilikuwa ndogo, kwa sababu ile ile iliyofanya taasisi ihitajike: shule za chini zilikuwa chache. Chuo kikajikuta kikilazimika kuanza kujenga kutoka ghorofa ya pili. Walimu walipaswa kufundisha pamoja na ufundi mambo ambayo mwanafunzi alistahili kuwa ameyamaliza kabla ya kufika, na hapa ndipo ilipozaliwa desturi ambayo chuo kimebaki nayo mpaka leo, ya kupokea mtu alipo na kumpandisha daraja kwa daraja, badala ya kungoja aletwe amekwisha kuiva.

Kisa kimoja cha siku hizo kinastahili nafasi kubwa kuliko vingine, kwa kuwa kinaonyesha jinsi milango ya elimu ilivyokuwa myembamba na jinsi chuo hiki kilivyoweza kuwa mlango hata kwa mtu asiyekuwa mwanafunzi wake. Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin tuliyemtaja, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alifanya mtihani wa Cambridge wa shule za sekondari akapata daraja ya tatu, na daraja hiyo haikutosha kumwingiza Makerere. Akapata kazi MIOME, na miongoni mwa aliyoyashughulikia hapo ilikuwa uangalizi wa mabweni. Siku moja, katika sherehe ya Maulidi iliyofanyika chuoni, na Gavana Mitchell akiwa miongoni mwa wageni, kijana huyo alisimama akahutubu, na hotuba yake ikampendeza Gavana hata akauliza habari zake, na kutokana na maulizo hayo ukapatikana msaada wa kumpeleka Uingereza. Alikwenda Huddersfield mwaka 1955, akapata shahada yake ya kwanza Manchester mwaka 1960, kisha Columbia, kisha Oxford, na baadaye akarejea Makerere ile ile iliyomkataa, mara hii akiwa profesa wake wa elimu ya siasa. Tutakutana naye tena mbele katika tarikhi hii, mahali ambapo yeye mwenyewe hakupatazamia.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, na sisi wa Hola hatuwezi kuipita bila ya kusema neno, serikali iliyokuwa ikisaidia kufundisha ufundi kwa hiari kule Tudor ilikuwa ikileta ufundi wa namna nyingine kwetu. Mradi wa kumwagilia maji ulianzishwa hapa mwaka 1953, na wafanyakazi wake walikuwa mahabusu wa vita vya Mau Mau waliochimbishwa mifereji kwa amri. Na tarehe 3 Machi 1959 mahabusu kumi na mmoja waliuawa kwa kupigwa, kwa sababu ya kukataa kazi hiyo, na habari yao ikafika hata Bunge la London. Mfereji uliochimbwa kwa damu namna hiyo ulirithiwa baadaye na wakulima wa pamba, na mashine za kuvuta maji ya Tana zikawa uhai wa mji wetu. Lakini elimu ya kuzifahamu mashine hizo haikuachwa Hola. Aliyeitaka ilimpasa aifuate ng'ambo ya Garsen na Malindi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, haja ya mafundi ilipozidi na uhuru ulipokaribia, chuo kiliwafungulia milango watu wa dini zote na makabila yote. Wako waliosikitika kwamba amana ya Waislamu imetolewa mikononi mwao, na masikitiko hayo hayakuwa bila ya sababu, maana mali ilitolewa kwa shuruti maalumu na kwa watu maalumu. Kwa maoni yetu, hata hivyo, uamuzi ulikuwa wa lazima na ulikuwa wa haki; Oktoba 1963 mwambao wenyewe uliingizwa Kenya kwa mapatano ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, na chuo cha umma katika dola mpya yenye raia wa dini mbalimbali hakingeweza kuuliza dini ya mtu mlangoni. Matao na kuba vilibakia mahali pake, vikiwa ushahidi wa ihsani ya waliotangulia.

Kutoka taasisi hadi politekniki, 1966–2007

Mwaka 1966 jina la kwanza liliondoka, na mahali pake pakaja Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Na miaka sita tu baadaye, mwaka 1972, taasisi ikapandishwa kuwa Politekniki ya Mombasa, ya pili nchini Kenya baada ya ile ya Nairobi. Miaka thelathini na mitano iliyofuata ndiyo mirefu kuliko zote katika umri wa chuo chini ya jina moja, na kwa kuwa haina kishindo cha kuasisiwa wala cha kupandishwa daraja, waandishi huipita upesi. Sisi tunaiona kuwa ndiyo uti wa mgongo wa habari yote.

Politekniki ilifundisha watu wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa vijana waliomaliza sekondari, waliokuja kusomea uhandisi wa mitambo, wa umeme, wa majengo, kazi za maabara, biashara na uhasibu. Wa pili walikuwa watu wazima waliokwisha ajiriwa bandarini, katika reli, katika kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe na katika mashirika ya umeme na maji, ambao waajiri wao waliwaleta chuoni kwa muda, kisha wakawarudisha kazini, kisha wakawaleta tena; na mchanganyiko huo wa kijana mwenye kitabu na mtu mzima mwenye mafuta ya injini kwenye kucha ulikuwa na faida kwa pande zote mbili, kwa maana mmoja alijifunza kwa nini jambo huwa, na wa pili alijifunza kwamba jambo likifanyika vibaya mtu hukatika kidole. Mitihani ilikuwa ya City and Guilds ya London hapo mwanzo, kisha ikachukuliwa na Baraza la Mitihani la Kenya lililoundwa 1980.

Politekniki haikutoa shahada, bali vyeti na diploma, na katika nchi ambayo baada ya uhuru ilikuwa imeiheshimu mno shahada, aliyetoka Tudor na diploma yake alipata kudharauliwa na mwenye shahada ambaye asingaliweza kufungua jenereta. Dharau hiyo ni ya kale, na haina mashiko, kwa sababu vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki vilivyo na jina kubwa vimeanzia mahali pa namna ile ile: Makerere ilifunguliwa 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi kumi na wanne, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitokana na Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichopokea wanafunzi 1956, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kule Juja, kilianza 1981 kikiwa chuo cha daraja ya kati kilichosaidiwa na Wajapani.

Mwaka 1989 Mto Tana ulihama njia yake hapa Hola, ukayaacha mabomba ya mradi wa umwagiliaji yakitazama mchanga, na mashamba yakakauka kwa miaka mingi. Tunalitaja tukio hilo katika tarikhi ya chuo kwa sababu hakuna lililoonyesha wazi zaidi haja ya wahandisi wa maji, wapima ardhi na mafundi wa pampu waliozaliwa ukingoni mwa mto huu na wanaoijua tabia yake. Na serikali ilipokuja kuufufua mradi katika karne hii mpya, haja hiyo ilikuwa bado ipo, haijapungua.

Chuo kikuu kishiriki, 2007–2013

Mnamo tarehe 23 Agosti 2007, kwa tangazo la sheria nambari 160, Politekniki ya Mombasa ilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Juja. Mwaka huo huo taasisi ya kilimo ya Kilifi ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kwa hatua hizo mbili mwambao ukaanza kupata vyuo vyake wenyewe, badala ya kutegemea matawi ya vyuo vya bara yaliyokuwa yakifunguliwa katika majengo ya kupangisha mjini.

Hapa ndipo tunapokutana tena na mwana wa Sheikh Al-Amin. Profesa Ali Mazrui alikuwa ameteuliwa mwaka 2003 kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na kwa hivyo chuo cha Tudor kilipowekwa chini ya Juja, kiliwekwa chini ya mtu ambaye zaidi ya nusu karne kabla yake alikuwa mwangalizi wa mabweni yake. Mambo ya namna hii mwandishi wa hadithi angeogopa kuyabuni, asije akaambiwa ametia chumvi. Mwanazuoni huyo alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu.

Miaka sita ya ushiriki ilikuwa miaka ya mtihani mkubwa chini ya uongozi wa Profesa Josphat Mwatelah, aliyekuwa Mkuu wa Chuo na kisha Naibu Chansela wa kwanza. Mtihani wenyewe ulikuwa huu: wahadhiri wengi walioajiriwa kufundisha diploma walilazimika kurudi darasani kutafuta shahada za juu, mitaala ilibidi iandikwe upya na kupitishwa na seneti ya Juja, maabara ambazo zilitosha kwa ufundi hazikutosha kwa utafiti, na haya yote yalifanyika huku wanafunzi wa diploma wakiendelea kuingia na kutoka kama kawaida. Aliyewahi kujaribu kupanua nyumba huku watoto wamelala ndani ataifahamu hali hiyo bila ya maelezo zaidi.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1948 | Hati ya msingi ya Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa (MIOME) |
| Mei 1951 | Kupokewa kwa wanafunzi wa kwanza |
| Mwanzo wa miaka ya 1960 | Milango kufunguliwa kwa watu wa dini na makabila yote |
| 1966 | Kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa |
| 1972 | Kuwa Politekniki ya Mombasa, ya pili nchini |
| 23 Agosti 2007 | Kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta |
| Januari 2013 | Kupewa hati ya idhini na kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa |

Chuo kikuu kamili, tangu 2013

Januari 2013, katika miezi ya mwisho ya utawala wake, Rais Mwai Kibaki alitoa hati za idhini kwa vyuo vikuu kadhaa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na miongoni mwavyo vilikuwa viwili vilivyopewa jina la chuo kikuu cha kiufundi, navyo ni kile kilichokuwa Politekniki ya Kenya mjini Nairobi na hiki chetu cha Mombasa. Neno hilo la kiufundi halikutiwa kwa pambo. Nchini palikuwa na malalamiko makubwa, na yenye haki, kwamba kila taasisi ya ufundi ikigeuzwa kuwa chuo kikuu taifa hupoteza karakana na kupata ukumbi mmoja zaidi wa mihadhara. Na jina hilo lilikuwa ahadi, iliyoandikwa katika hati, kwamba karakana haitafungwa.

Je, ahadi imetimizwa? Kwa sehemu, ndiyo. Chuo kingali kinatoa vyeti na diploma pamoja na shahada za kwanza na za juu, na mwanafunzi aliyeingia kwa cheti anaweza kupanda ngazi hadi shahada bila ya kuhama Tudor, kama ilivyokuwa desturi tangu siku za MIOME. Uhandisi na teknolojia ndivyo vilivyobaki mbele, pamoja na sayansi za afya, biashara, sayansi za jamii na elimu ya kompyuta. Na uhandisi wa vyombo vya baharini, ambao mji wa bandari unauhitaji kuliko mji mwingine wowote nchini, unafundishwa mahali ambapo mwanafunzi akifungua dirisha huiona bahari. Kwa upande mwingine, nafasi ya daraja ya kati iliyoachwa ilibidi ijazwe na wengine, na chuo jirani cha ufundi cha Mombasa kikapandishwa kuwa Politekniki ya Kitaifa ya Pwani, jambo linaloonyesha kwamba serikali yenyewe iliona pengo. Masurufu nayo ni tatizo la kudumu. Vyuo vya umma vya Kenya vimekuwa vikipokea fedha pungufu kuliko mahitaji yao kwa miaka mingi, na mashine ya kukerezea chuma, tofauti na ubao wa kuandikia, haiwezi kugawanywa kwa wanafunzi mia.

Baada ya Profesa Mwatelah uongozi ulikabidhiwa Profesa Laila Abubakar, mwanamke wa kwanza kukiongoza chuo hiki. Kwa taasisi iliyoanza ikiwa na nia ya kufundisha vijana wa kiume kazi za chuma na mbao, mabadiliko hayo yana uzito wake, na wasichana wanaovaa ovaroli katika karakana za Tudor leo si kitu cha kuelekezewa kidole tena.

Chuo kimejinyoosha pia kutoka kisiwani, kwa kufungua kampasi Kwale upande wa kusini na Lamu upande wa kaskazini, mji ambao tangu gati la kwanza la bandari yake mpya kufunguliwa Mei 2021 unahitaji mafundi wa vyombo, wa umeme na wa mizigo kuliko ulivyopata kuwahitaji tangu zama za majahazi. Kaunti ya Tana River iko katikati ya kampasi ya Lamu na makao makuu ya Mombasa. Mwombaji wa Hola, wa Bura au wa Wenje anayepangiwa TUM na idara ya serikali ya kuwagawia wanafunzi nafasi husafiri hadi Minjila, karibu na Garsen, na hapo njia hugawanyika: ya kushoto humpeleka Lamu kwa kupitia Witu, na ya kulia humpeleka Malindi, Kilifi na Mombasa. Mwenye kuomba uhandisi, kwa wakati huu, yampasa ashike ya kulia, kwa kuwa karakana kubwa zingali Tudor. Na mwaka wa mafuriko, Tana inapofurika ikakata barabara, wazazi wenye hekima huwasafirisha watoto wao wiki nzima kabla ya siku ya kuripoti.